Nahudumu, nafunga, naomba, ila moyo mkavu: nifanyeje nimkaribie Mungu?

Kuna dada ameniandikia swali refu, nalifupisha hivi: "Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Nimeokoka miaka tisa sasa, ni kiongozi wa sifa kanisani, mikesha siachi, mifungo nafunga. Ila kiukweli ndani nimekauka. Nikipiga magoti dakika tano tu mawazo yashafika kazini. Nilianza mpango wa kusoma Biblia mwaka mzima kwenye simu, nimekwama Mambo ya Walawi na kila siku simu inanikumbusha nimebaki nyuma. Wenzangu wakilia kwenye maombi mi nabaki kama gogo, na wakati mwingine ndo mimi mwenyewe nimeshika maiki. Rafiki yangu anasema ni laana ya ukoo, nitafute mtumishi anikomboe. Je Mungu ameniacha? Nifanyeje niwe karibu naye tena? Na je niache kuongoza sifa, maana najiona mnafiki?"

Amina dada yangu, asifiwe. Nitakujibu kwa kirefu kidogo kwasababu humo ndani umeuliza maswali kama manne na kila moja lina jibu lake, tatizo ni kwamba umeyafunga yote kwenye furushi moja linaloitwa "Mungu ameniacha" na ukiyabeba hivyo lazima yakuelemee.

Kwanza kabisa, kabla hatujaingia mambo ya rohoni, unalala? Nauliza serious. Maana mtu anayefanya kazi mchana, mazoezi ya kwaya jioni, mkesha ijumaa, jumapili ibada zote mbili amesimama mbele, halafu anashangaa kwanini akipiga magoti akili inazimika, huyo hana pepo, amechoka. Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushusha moto mlima Karmeli, ushindi mkubwa ajabu, kesho yake anamkimbia Yezebeli mpaka jangwani, anakaa chini ya mretemu anaomba afe. Angalia Mungu anamfanyia nini. Hamhubirii. Hamwambii imani yako iko wapi. Anamwacha alale, malaika anamgusa anamwambia inuka ule, kuna mkate na gudulia la maji, anakula, analala TENA, anaguswa mara ya pili anaambiwa ale maana safari ni kubwa mno kwake. Usingizi mara mbili na chakula mara mbili, ndo baadae huko Horebu anaulizwa "unafanya nini hapa, Eliya?" Kwahiyo ukiona na mambo mengine yote hayana ladha, chakula huli vizuri, usingizi umekukimbia, unalia bila sababu au huwezi kulia kabisa hata kwenye msiba, hebu muone daktari, sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine na kwenda hospitali sio kukosa imani. Hilo tuliache hapo.

Sasa kuhusu dhambi. Hujauliza moja kwa moja ila naliona limejificha kwenye barua yako yote. Ndio, dhambi inaweza kukata mawasiliano, Daudi anasema kwenye Zaburi 32 kwamba aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Na Bwana Yesu alisema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo uende ukapatane naye kwanza. Kwahiyo keti chini, omba ile ya Zaburi 139, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", na usikilize. Kitu nilichojifunza kwa kukaa na watu wengi kwenye jambo hili ni kwamba Roho Mtakatifu akikuonyesha dhambi anaitaja: lile neno ulilomwambia dada yako, ile hela ya watu hujarudisha, yale mazungumzo ya usiku na mume wa mtu. Ina jina, ina mahali na ina njia ya kutokea. Ila ile sauti inayokwambia tu kwa ujumla "wewe hufai, wewe mnafiki, wewe Mungu amekuchoka" bila kutaja kitu chochote unachoweza kwenda kukitengeneza, hiyo usiisikilize hata kidogo, huyo ni mshitaki, yani Shetani. Kama kuna kitu kimetajwa kakirekebishe leo, hata kama ni aibu. Kama umejichunguza kwa ukweli na hakuna, basi ACHA kuchimba. Kuna watu wanajichimba mpaka wanapata dhambi za kubuni.

Na hiyo ya laana ya ukoo, nakuomba sana. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu, wewe umeokoka miaka tisa umeshakombolewa, huhitaji kukombolewa tena kwa awamu. Siku utakayokutana na mtu anayekwambia ukavu wako utaisha ukitoa kiasi fulani, kumbuka Simoni kule Samaria kwenye Matendo 8 alivyotaka kununua karama kwa fedha na Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Sina zaidi ya hapo.

Tuje kwenye kitu chenyewe.

Ukavu unaousema ni wa siku nyingi kuliko kanisa lako na langu. Zaburi zipo 150 na sehemu kubwa yake ni watu wanaolalamika kwa Mungu usoni kabisa. Ipo moja, ya 88, inaanza gizani na inaishia gizani, hakuna kile kimstari cha mwisho cha "lakini nitamsifu", neno la mwisho ni giza tu. Na bado imewekwa kwenye Biblia, imewekwa kwenye kitabu cha nyimbo za ibada! Yani kuna siku watu walisimama hekaluni wakaimba ile. Mi huwa najiuliza leo hii kiongozi wa sifa akiimba Zaburi 88 mpaka mwisho akakaa chini, mchungaji atamwita ofisini au vipi.

Halafu waangalie watu waliomtafuta Mungu maisha yao yote. Yohane wa Msalaba, mtawa Mkatoliki wa Hispania, mwaka 1577 alikamatwa na watawa wenzake, wa shirika lake mwenyewe, wakamfungia kwenye kijichumba kule Toledo karibu miezi tisa, na ndo mtu tunayemtegemea mpaka leo kueleza huo usiku wa roho ambapo utamu wa maombi unaondoka wote. Alisema kuna dalili za kutofautisha huo usiku na uvivu wa kawaida, na moja ni hii: mvivu hajali. Aliyekauka kwa kupoa tu anakuwa na utamu sehemu nyingine na habari za Mungu hazimsumbui. Ila yule anayepitishwa kwenye huo usiku anaumia, anahangaika, anaona hamtumikii Mungu inavyotakiwa. Sasa rudia barua yako uisome. Mtu ambaye hamtaki Mungu hawezi kuandika barua ile.

Mama Teresa wa Calcutta, barua alizowaandikia walezi wake wa kiroho zilitoka hadharani 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, watu wakashangaa kukuta kwamba kwa karibu miaka 50 alikuwa haoni wala hahisi uwepo wa Mungu, isipokuwa kipindi kifupi tu hapo katikati. Miaka 50, na kila asubuhi anaamka kusali na kwenda kwa wagonjwa. Najua kuna wapendwa hapa watasema hao ni Wakatoliki mtumishi, haya, chukua John Wesley, yule mhubiri Mwingereza. Tarehe 24 Mei 1738 ndo ile jioni yake maarufu London, moyo wake ukapata joto la ajabu, kila mhubiri anaitaja. Wanachoacha kukitaja ni kwamba Januari 1739, miezi saba tu baadae, aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye sa hivi si Mkristo, anapima upendo wake na furaha yake anaona hamna kitu. Na Aprili mwaka huohuo ndo akaanza kuhubiri nje, viwanjani, kule Bristol, kazi iliyokuja kuwa Methodisti dunia nzima. Angesubiri ahisi tena ndo aanze, angekuwa anasubiri mpaka leo.

Kwahiyo hapana, Mungu hajakuacha. Nikwambie ninachokiona mimi: umekuwa unapima ukaribu kwa msisimko, na unautafuta huo msisimko sehemu ambayo uko kazini. Pale mbele na maiki unaangalia mpiga kinanda, unakumbuka ubeti unaofuata, unaangalia mchungaji ametoa ishara gani, unasoma watu kama wamechangamka. Hiyo ni huduma na ni nzuri, ila ni kazi, na miaka tisa umekuwa unadhani ile ndo maombi yako ya wiki. Mtu anaweza kuongea HABARI za Mungu kutwa nzima na asiongee NAYE hata dakika moja. Hata Bwana mwenyewe, Marko 1, jioni ameponya mji mzima, alfajiri na mapema kabla hakujakucha anatoka anaenda mahali pasipokuwa na watu anaomba, Petro na wenzake wanamsaka wanamkuta wanamwambia "watu wote wanakutafuta", na yeye anawaambia twendeni vijiji vingine. Hakurudi kwa wale waliokuwa wanamtafuta! Wewe mara ya mwisho kumwambia mtu wa kanisani hapana ilikuwa lini?

Sasa ufanye nini. Futa huo mpango wa mwaka mzima. Eeh, ufute, leo. Biblia ina sura 1,189, kwa mwaka ni sura tatu na zaidi kila siku, na wapo wanaoweza na inawafaa sana, ila wewe sa hivi unakimbizana na simu sio na Mungu, kila ukifungua unaanza na deni. Walawi haikimbii, utairudia. Chukua Biblia ya karatasi, simu ibaki chumba kingine, sio kifudifudi mezani, CHUMBA KINGINE, maana ikiwa karibu hata isipoita mkono unaitafuta. Chagua wakati mmoja ambao unaweza kuushika hata siku mbaya. Danieli alikuwa na nyakati tatu, madirisha wazi kuelekea Yerusalemu, na hata tangazo la mfalme lilipotoka akafanya "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo", wewe anza na wakati mmoja, dakika kumi na tano, usizidishe hata ukijisikia. Watu wengi wanaharibu hapa, siku ya kwanza saa zima, siku ya pili nusu saa, siku ya nne hamna.

Humo ndani ya dakika kumi na tano usisome sura nzima. Soma kidogo, kwa sauti, taratibu, halafu urudie. Nikuonyeshe na Zaburi 13 maana ina mistari sita tu na nadhani imeandikwa kwa ajili ya hali yako.

Mstari wa kwanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Simama hapo. Usikimbilie mstari wa tano. Daudi anamwambia Mungu umenisahau, hasemi "najisikia kama umenisahau ila najua kiteolojia hujanisahau." Wewe ungethubutu kusema hivyo kwenye maombi? Sema sasa, kwa maneno yako, kwa sauti ndogo: Bwana, miaka tisa, nimekuimbia kila jumapili, na wewe uko kimya, mpaka lini. Mstari wa pili anauliza tena hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, yani mpaka lini nitakuwa naongea na nafsi yangu mwenyewe tu nikihuzunika mchana kutwa. Hapo si ndo ulipo? Unaomba halafu unagundua ulikuwa unaongea na kichwa chako. Mwambie hivyohivyo. "Hata lini" hapo imekuja mara nne kwenye mistari miwili, hajaona aibu kurudia. Mstari wa tatu ndo anaomba, na ombi lenyewe dogo, "uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu". Haombi moto ushuke, anaomba aangaliwe na ajibiwe. Kaa hapo dakika mbili tatu bila kusema kitu. Halafu mstari wa tano anasema nimezitumainia fadhili zako, na ukiangalia vizuri hapo katikati hakuna kilichobadilika, adui yupo palepale, Mungu hajasema neno, ila mtu ameshamwaga kila kitu mbele za aliyemtegemea tangu zamani. Kama huwezi kuusema mstari wa tano kwa moyo wako wote, usome tu kama ulivyo, umkopee Daudi imani yake siku hiyo, au sema ile ya yule baba kwenye Marko 9, "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu". Yesu hakumwambia yule baba nenda kwanza ukaongeze imani urudi kesho. Alimponya mtoto.

Umeona? Hapo dakika kumi na tano zimeisha na ni mistari mitano sita tu. Kesho unaweza kurudia hiyohiyo. Ukimaliza na Zaburi chache za namna hii (6, 42, 63, 77, 130) ingia Injili ya Marko, sura 16, kisa kimoja kila siku sio sura, na kwenye kila kisa jiulize ungekuwa wapi pale, kwenye umati, kwa wanafunzi, au ndo wewe unayeita kando ya njia.

Kuhusu mawazo kukimbilia kazini. Kila mtu anayeomba anapitia hili, kila mtu, na wale wanaosema hawapitii sijui wanaombaje. Mwaka 1535 Martin Luther, yule aliyeanzisha matengenezo ya kanisa Ujerumani, aliombwa na kinyozi wake, jina lake Peter, amfundishe kuomba, akamjibu kwa barua ndefu. Humo anakiri kwamba na yeye kuna wakati anajikuta baridi, hana hamu ya kuomba kwa sababu ya kazi na mawazo mengine, na dawa yake ni kuchukua Zaburi, kukimbilia chumbani au kanisani, na kuanza kusema Amri Kumi, Imani ya Mitume na maneno ya Kristo, neno kwa neno kama mtoto. Luther huyo! Na akamwambia Peter kwamba kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe, akiwa anapiga stori na kuangalia pembeni atamkata mteja mdomo au pua au hata koo, basi na maombi ni hivyohivyo yanataka mtu mzima mzima. Ushauri wangu ni wa vitendo zaidi: wazo likija, usilipige ngumi. Likija la kazini, liombee hapohapo, "Bwana yule bosi wangu, ile ripoti", sentensi moja, halafu rudi kwenye mstari uliokuwa unasoma. Likirudi, rudi tena. Ukirudi mara ishirini kwenye dakika kumi na tano umemrudia Mungu mara ishirini, hayo ni maombi ya nguvu kabisa hata kama unatoka hapo unahisi hujafanya kitu.

Na kama wewe ni wa kunena kwa lugha endelea, sina ugomvi, ila Paulo alisema nitaomba kwa roho, tena nitaomba kwa akili pia. Watu wengine lugha zimekuwa njia ya kutomwambia Mungu jambo lolote mahsusi. Siku ambazo huna neno kabisa, sema Baba Yetu polepole basi, Wakristo wa mwanzo kabisa walielekezwa kuisali mara tatu kwa siku na hawakuona ni fupi. Yesu mwenyewe alisema msipayukepayuke mkidhani mtasikiwa kwa wingi wa maneno. Nasema hivi nikijua kabisa mikesha yetu inavyokuwaga.

Jioni kabla ya kulala fanya kitu kidogo kingine, Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwafundisha watu wake hiki na alikitilia mkazo sana: pitia siku yako mbele za Mungu. Asubuhi ilikuwaje, mchana nani alikukwaza, wapi ulijisikia hai, wapi ulimkimbia Mungu, shukuru kwa kimoja, omba msamaha kwa kimoja, lala. Dakika tano. Baada ya wiki kadhaa utaanza kugundua vitu, kwa mfano kwamba Mungu alikuwa anaongea na wewe jumanne mchana kupitia mtu ambaye hukumtegemea wakati wewe ulikuwa unamsubiri jumapili kwenye wimbo wa tatu. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu safari nzima hawajui ni yeye, ndo baadae wanaambiana, je mioyo yetu haikuwaka ndani yetu?

Ila sasa, na hapa ndo watu huwa hawapendi niseme, yote hayo yatakauka tena kama hakuna utii. Yohana 14:21, Bwana anasema aliye na amri zangu na kuzishika ndiye anipendaye, na halafu anaahidi, nitajidhihirisha kwake. Ahadi ya kujidhihirisha imewekwa palepale kwenye kutii, haijawekwa kwenye kuhisi. Kwahiyo kila ukisoma tafuta kitu kimoja cha kufanya siku hiyo, kidogo, kinachoonekana. Umesoma Yesu anamgusa mwenye ukoma, basi yule mama mgonjwa ambaye watu wamechoka kwenda kumuona, nenda ukakae naye, na usipige picha. Wewe huduma yako yote ina hadhira, umegundua? Tafuta moja isiyo na hadhira. Isaya 58 Mungu anawaambia watu waliokuwa wanafunga kwelikweli na kulalamika "mbona tumefunga lakini huoni", swali lako lilelile, na jibu alilowapa ni kuhusu wafanyakazi wanaowaonea, wenye njaa, maskini wasio na makao na walio uchi. Anawaambia fanyeni hayo, "ndipo utaita, naye BWANA ataitika". Na 1 Yohana 4:20, ile ya anayesema anampenda Mungu huku anamchukia ndugu yake, sihitaji hata kukueleza unaijua.

Halafu tafuta mtu mmoja. Sio grupu la WhatsApp la watu mia mbili wanaotumiana aya na stika za amina. Mtu mmoja, mwanamke mwenzio, ikiwezekana mkubwa kwako kiumri na kiimani, anayefunga mdomo wake, mkutane ana kwa ana hata mara mbili kwa mwezi mkaulizane roho yako inaendeleaje, ukweli mtupu. Wale Wamethodisti wa mwanzo hawakudumu kwa mahubiri ya Wesley tu, walikuwa na vikundi vidogo vya watu kama kumi na mbili, kila wiki kila mmoja anaulizwa hali ya roho yake. Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana. Umeniandikia mimi nisiyekujua kwa sababu huko kwenu wote wanakujua kama "mama wa sifa" na huwezi kusema umekauka. Hilo peke yake linatosha kukukausha.

Usitegemee kuhisi kitu wiki ya kwanza. Inawezekana hata miezi. Ukitaka kujipima, angalia tunda la Roho kwenye Wagalatia 5:22 sio machozi: unaomba msamaha haraka kuliko zamani? Hasira zinapungua makali? Unaweza kumfurahia aliyeimba vizuri kuliko wewe? Na machozi yakija siku moja, pokea, shukuru, ila kesho yake rudi kwenye mistari yako sita kama kawaida bila kujaribu kuyaita tena.

Swali lako la mwisho, kuacha kuongoza sifa. Ignatius huyohuyo ana kanuni ambayo naiamini sana, kwamba ukiwa kwenye kipindi cha giza usibadilishe uamuzi uliouweka ukiwa kwenye nuru. Kwahiyo usijiuzulu sasa. Unafiki ni kujifanya unacho usichokuwa nacho, kusimama na kuimba "wewe ni mwema" huku unahisi baridi sio unafiki, wema wake hautegemei hali yako ya jumapili ile. Unafiki utaanza siku utakayolazimisha sauti itetemeke ili watu walie, hiyo usifanye, imba tu wimbo ulivyo na ushuke. Ila PUMZIKO unalihitaji. Nenda kwa mchungaji wako au kiongozi wa idara, usiende na hadithi ndefu wala usimtaje rafiki yako na laana zake, mwambie tu, "nimechoka na maisha yangu ya maombi yamepungua, naomba mwezi mmoja au miwili nikae chini na washirika halafu nirudi". Kiongozi mwenye hekima atakuelewa na atakuombea. Asipokubali kwa sababu watu ni wachache, basi omba angalau jumapili moja kwa mwezi, na siku hiyo kaa benchi za nyuma kabisa, usihesabu nani amekosea ufunguo, usimsaidie aliyekushikia zamu hata akikukonyeza, shiriki Meza ya Bwana kama mtu aliyekuja na njaa, ibada ikiisha nenda nyumbani ukalale.